Mbuzi wa Ulimi wa Mlinzi

Mkwe wangu alinitukana nikiwa nimekaa kwa kiti chake, nimeshiba chapati zake, na mguu wangu mgonjwa umewekwa juu ya stuli ya nyumba yake. Halafu akasema si yeye. Akasema ni mlinzi wa geti. Na hilo geti halikuwa popote duniani isipokuwa mdomoni mwake.

Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo anayetafuta Kiswahili cha redio atafute kwingine. Nimechimba visima Ngoliba tangu nikiwa na meno yote. Kule kwetu chini ni kukavu. Ukitaka maji unayafuata ndani ya mwamba kwa sururu na nyundo, mmoja chini, mwingine juu ameshika kamba. Kwa hiyo sururu nilijenga nyumba ya mawe, nikasomesha watoto, na msichana wangu wa mwisho akafika chuo kikuu, ndiko alikokutana na huyu mwanamume. Sijawahi kubebwa na mtu. Na mtu akinikosea, sisahau. Mke wangu husema huo ni ugonjwa. Mimi nasema ni kumbukumbu nzuri.

Mambo yalianza na goti. Nilifanyiwa operesheni Thika, na daktari akakataa nirudi Ngoliba kwa yale mawe kabla ya kumaliza mazoezi ya mguu. Mazoezi yalikuwa Ruiru, na msichana wangu anakaa Mugutha, nyumba ya kupanga, ghorofa ya chini. Akasema, "Baba, wewe na mama mtakaa kwetu." Sikutaka. Kwetu Wakikuyu, mzee halali kwa mume wa msichana wake hivi hivi. Huyo ni mtu wa kuheshimiana naye mkiwa mbali kidogo. Mnaongea polepole, kila mmoja anachunga mdomo wake. Lakini goti halijui mila. Tukaenda.

Mkwe wangu ni mwalimu wa college. Mtu mpole, mrefu, mwenye mikono laini kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Jumamosi ya kwanza, baada ya chakula, wakaja marafiki wao wawili: nesi mmoja mwenye sauti kubwa, na fundi wa simu kutoka Kiuu. Wakaweka mezani kitabu kinene, penseli, makaratasi, na dadu za ajabu. Moja ilikuwa na pande nyingi mpaka inabingirika kama ndimu.

Nikauliza kama ni kamari. Msichana wangu akacheka. "Si kamari, baba. Kila mmoja wetu ana mtu wake kwa karatasi. Tunamwambia aende wapi na afanye nini. Mume wangu ndiye wengine wote."

"Wengine gani?"

"Mfalme, wanyama, mwenye duka, mvua. Kila kitu kisicho sisi."

Nikawatazama saa nzima, mikono kifuani. Msichana akachoka. "Baba, badala ya kutuangalia kama askari wa kanjo, si uingie?"

Nikaingia. Nikasema mtu wangu ni mchimba visima, mzee, mwenye nguvu bado. Mkwe wangu akanijazia karatasi, maana iliandikwa Kizungu. Nikaona mahali ameweka mstari mdogo na moja.

"Hii ni nini?"

"Ni kuongea, baba. Kushawishi watu. Hasi moja."

"Mimi? Hasi?"

"Si wewe. Ni mtu wako. Hajasoma, kwa hivyo maneno yake hayana uzito sana. Ni mchezo tu."

Nikachukua karatasi yangu. Nilikuwa mgeni.

Basi mtu wangu alikuwa amebeba barua ya wazee wa kijiji kwenda kwa mfalme. Mto umetiwa sumu, watu wanaugua. Tukafika mji wa mfalme, na getini kulikuwa na mlinzi mmoja mwenye mkuki. Fundi wa simu akanong'ona, "Mzee, huyu tumkatekate tu, ako solo." Nikamwambia angoje. Mimi nimeongea na machifu. Nimeongea na wenye mashamba waliokwisha kunifungulia mbwa. Najua namna ya kuongea na mtu mwenye silaha. Nikakohoa, nikaanza. Nikamsalimu mlinzi, nikamuuliza kama amekula. Nikamuuliza kwao ni wapi na wanakunywa maji gani. Nikamwambia mama yake anateka mto huo huo, na kesho mtungi wake utajaa kifo. Niliongea mpaka nesi akaweka penseli chini.

Mkwe wangu akasema, "Rusha dadu, baba."

"Ya nini? Nimeshaongea."

"Lazima. Tuone kama ameshawishika."

Nikarusha ile ndimu. Ikaja mbili. Toa ile hasi yangu, ikabaki moja.

Hapo mkwe wangu akajinyoosha kwa kiti, akatoa sauti nzito ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. "Toka hapa, mzee. Hata hiyo barua umebeba huwezi kuisoma. Matope mpaka kwa kucha, na unataka kumwona mfalme? Rudi kwa shimo lako." Akafanya mikono kama mtu anayerarua karatasi.

Fundi wa simu akacheka. Msichana wangu hakucheka, wala mama yake aliyekuwa amekaa kwa kochi.

"Umesema nini?" nikauliza.

"Si mimi, baba. Ni mlinzi."

Nikasema mtu wangu anasukuma hilo geti. Dadu tena. Mkuki. Mchimba visima wangu akafa pale getini, barua ikiwa vipande vipande miguuni mwake, na msichana wangu akaleta chai.

Kwetu, mkwe akimtukana baba ya bibi yake, analeta mbuzi. Mbuzi huyo ni wa kuosha ulimi. Akishaliwa, neno limekwisha, halirudiwi tena. Nikasema hivyo hapo mezani, kikombe mkononi. Nilitaka mbuzi.

Mkwe wangu akacheka kidogo, cheko la mwalimu. "Baba, huu ni mchezo wa hadithi. Watu wabaya wa hadithi husema mabaya. Nikilipa kwa kila neno lao, nitamaliza mbuzi wote wa Kiambu."

"Hadithi gani? Mimi nimesimulia, wewe umeniambia nirushe dadu. Huu ni mchezo wa vita."

"Hapana, baba. Vita ni sehemu ndogo."

"Lete hicho kitabu."

Kizungu sisomi, lakini picha naona na namba najua. Nikafungua. Shoka, lina namba. Upanga, namba. Ngao, moto, sumu, kuanguka kutoka juu ya ukuta, vyote namba. Nikamuuliza msichana wangu kuongea kuko wapi. Akatafuta, akapindua kurasa, akarudi nyuma. Akanionyesha kipande cha maandishi chenye urefu wa kidole changu.

"Ukiingia kwa duka," nikasema, "ukute rafu zote ni misumari, na kwa kona mkate mmoja umekauka, utaniambia hilo ni duka la mikate?"

Nesi akapiga meza. "Mwambie, mzee. Mimi ni mganga kwa huu mchezo, na kazi yangu ni kuwashona tu. Hakuna siku nimewahi kuulizwa naonaje."

Mkwe wangu hakukasirika. Hiyo ndiyo shida ya walimu. "Vita viko vingi kitabuni kwa sababu vita ndivyo vinahitaji sheria. Hapa hatuwezi kupigana mikuki kweli, kwa hivyo tunahitaji namba. Kuongea tunajua wote. Tunaongea tu. Kitabu kinanyamaza ili sisi tuongee."

"Kweli," fundi wa simu akasema. "Kwa story hatuhitaji manual."

"Basi mbona nilirushishwa dadu?"

Fundi akatazama kikombe chake.

"Sikiza," nikamwambia mkwe wangu. "Ukinipiga rungu, hapa kwa karatasi damu inashuka, tunaandika. Sasa umenitukana mbele ya bibi yangu na msichana wangu. Ni nini imeshuka? Nionyeshe hapo inapoandikwa."

Akafikiria. "Inashuka moyoni, baba. Si kwa karatasi. Ndiyo maana nasema ni hadithi."

Lilikuwa jibu zuri. Lilinikasirisha kuliko lile tusi. Mbuzi hakuletwa.

Jioni nilimfuata mke wangu jikoni, akichambua maharagwe. Nikamwambia kijana hana adabu, na kwamba ametoa hilo tusi hewani tu, bila sababu.

"Hewani?" akasema bila kuinua kichwa. "Siku waliyokuja kuposa uliwafungia geti kule Ngoliba, jua la saa sita, mama yake amevaa kofia ya kanisa. Ukasimama ndani ukauliza kwa nguvu kama kati yao kuna mwanaume amewahi kushika jembe, maana mikono unayoona ni ya kushika chaki."

"Wageni hufungiwa geti. Ni mila."

"Geti ni mila. Chaki ilikuwa yako."

"Walicheka."

"Mama yake hakucheka."

Sikujuta jikoni pale, na sijuti hapa ninapoandika. Lakini nilielewa. Huyu mpole, huyu wa "karibu chai, baba," alikuwa amengoja tangu siku ile anisimamishe getini. Na alijua mahali pa kujificha akisema. Nikalala nikifikiria. Kama kuna ngozi ya kujifichia, na mimi nitaivaa.

Jumatatu asubuhi, mkwe wangu akiwa kazini, nikamwita msichana wangu. "Nitengenezee mtu mwingine. Huyu hataongea hata kidogo."

"Baba, unataka kulipiza."

"Ndiyo."

Akafunga mlango, ingawa ndani tulikuwa sisi tu na mama yake. Akafungua kitabu. Tukachukua kila kitu ambacho kitabu kinaruhusu kupunguza, tukapunguza. Kuongea, hasi tatu. Akili, ya kuku. Na kila tulichookoa tukakiweka kwa shoka na mkono wa kulibeba. Hatukuiba hata namba moja. Yote ilikuwa sheria.

"Huyu ni bwanako tunamfanyia hivi," nikamkumbusha, maana mtu lazima ajue anafanya nini.

"Ni bwanangu," akasema. "Na kuna hotuba ya mfalme ameandika ya mwisho wa hadithi. Anaifanyia mazoezi akioga, tangu Krismasi. Mimi mwenyewe naijua kwa kichwa. Baba, ni ndefu."

"Mfalme anasema nini?"

"Kwamba ndiye alitia sumu kwa mto. Na sababu yake. Mwenyewe hulia akifika katikati."

Nikamwambia aongeze kitu kwa shoka.

Tukacheza Jumamosi nyingi. Goti likapona, nikarudi Ngoliba, lakini Jumamosi nilikuwa Mugutha kabla wageni hawajafika. Mkwe wangu alifikiri nimesamehe. Aliniuliza kila mara, "Mtu wako anasema nini, baba?" Nikajibu, "Hasemi. Anapiga." Na kila nikipiga, kitabu kilinipa pointi. Nesi alimtuliza mama mjane kwa maneno matamu, akapewa asante. Mimi nilipasua nguruwe wa porini na karatasi yangu ikapandishwa ngazi, nguvu zikaongezwa. Nilimwonyesha mkwe wangu hilo kwa kidole. Akasema ni bahati mbaya tu.

Kisha ikafika siku ya mfalme. Mkwe wangu alivaa shati iliyopigwa pasi. Akanywa maji, akatoa karatasi mfukoni iliyokunjwa mara nyingi mpaka kona zimelainika, akasimama. Mke wangu akaja kusimama mlangoni na taulo ya vyombo. Nadhani msichana alikuwa amemwambia.

"Mfalme anainuka kwenye kiti chake," mkwe wangu akasema. "Anawaangalia mmoja mmoja. Anasema..."

"Napiga," nikasema.

"Ngoja, baba. Anaongea."

"Si kitabu kinasema turushe dadu kwanza tuone nani anaanza?"

Akamtazama fundi wa simu. Fundi akajikuna kichwa. "Ni sheria, mwalimu. Mzee ako sawa."

Tukarusha. Nikaanza mimi. Nikarusha ya shoka, na msichana wangu akajumlisha akitumia penseli, pole pole, kama mtu anayepima unga. Akasema namba. Mkwe wangu akaangalia damu ya mfalme kwenye karatasi yake. Akaangalia tena. Mfalme alikufa na mdomo wazi, hajatoa hata herufi moja.

Mkwe wangu alibaki amesimama na ile hotuba mkononi. Masikio yake yalikuwa yamewaka. "Mzee," akasema, na hakusema baba, "umeua kazi yangu ya miezi yote hii. Umefanya makusudi."

"Si mimi. Ni mtu wa shoka."

Nesi akaangalia dari. Mke wangu, mlangoni, akasema "Haiya" kwa sauti ya chini, akarudi jikoni.

Siwezi kusema uongo, ilikuwa tamu. Nimewahi kufikia maji baada ya kuchimba mwamba mpaka nikakata tamaa, na nasema hii ilikaribia hapo.

Mkwe wangu alitoka nje akasimama kwa kamba za nguo. Aliporudi alikaa. "Sawa. Mchezo huu unalipa vita kuliko maneno. Umenionyesha. Lakini watu wakitaka hadithi, hadithi inakuwepo. Wewe hukuitaka."

"Niliitaka siku ya kwanza. Nilikuja na barua, ukairarua."

Akakunja ile hotuba akairudisha mfukoni.

"Sasa chagua," nikasema. "Kama mtu wa hadithi si mwenye mdomo, mfalme amekufa, mimi sina neno, na tukusanye vikombe. Kama mtu wa hadithi ni mwenye mdomo, wewe unajua njia ya Ngoliba, na mbuzi unajua wanauzwa wapi."

"Na mfalme?"

"Mfalme atakuwa ameguswa sikio tu. Shoka liliteleza."

Msichana wangu alikuwa anamtazama mume wake. Hakuwa anacheka. Ningeweza kupoteza mkwe siku hiyo, nilijua. Kuna wanaume ambao wangefunga kitabu na nisingekanyaga tena Mugutha, na msichana angekuwa anakuja kutuona kwa kuiba. Nilijua hivyo na sikurudisha neno langu nyuma.

Akauliza, "Dume ama jike?"

"Dume. Asiye na kilema."

Alikuja Jumapili baada ya kanisa. Pikapu aliyokodi ilimshusha barabarani akatembea na mbuzi kwa kamba mpaka kwangu. Nilimwona kwa mbali. Mbuzi ndiye alikuwa anamvuta yeye. Geti lilikuwa limefungwa, na mimi nilikuwa na kikombe cha chai ambacho sikuwa nimemaliza. Nikakunywa. Chai ya moto hainywewi haraka. Jua lilikuwa lile lile. Mke wangu alinitazama, akatoa ufunguo msumarini, akaenda kufungua mwenyewe.

Mkwe wangu akasimama mbele yangu, jasho mpaka kwa kola, kamba imemkwaruza kiganja.

"Baba," akasema, "yule mlinzi alikuwa mimi. Maneno yalikuwa yangu."

"Na lile la shimo?"

"Na la shimo."

Nikachota maji ya hilo shimo nikampa kikombe. Akanywa yote, akaomba tena. Kisha akafuta mdomo, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Na chaki, baba?"

"Chaki ilikuwa mila," nikasema.

Mke wangu akakohoa. Tukachinja mbuzi.

Jumamosi iliyofuata mfalme aliamka na jeraha la sikio, akatoa hotuba yake yote. Niliweka shoka chini nikasikiliza. Ilikuwa nzuri. Alisema alitia sumu kwa mto kwa sababu watu wa bondeni waliwahi kumcheka babake, na nesi akalia, na hata fundi wa simu alizima simu. Ilikuwa ndefu vile vile. Siku hizi mkwe wangu amebadilisha kitu: mtu akiongea vizuri, harushi dadu, na anapata pointi kama aliyeua nguruwe. Ameandika hivyo kwa penseli pembeni ya kile kipande cha urefu wa kidole. Nimemwambia duka lingali la misumari. Amesema sasa mikate ni miwili. Tunabishana hivyo kila wiki, na hakuna anayelegea.

Kitu kimoja kilibaki. Siku ile ya mbuzi, tukila mbavu, mkwe wangu aliniomba nisimuue yule mlinzi wa geti. Alijua namkumbuka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, simtaki amekufa. Aliyekufa hasalimii mtu. Nilichotaka ni kwamba mtu wa shoka akipita pale, mlinzi ainuke, aweke mkuki chini, aseme, "Habari yako, mzee. Geti liko wazi."

Na lazima asimame kweli. Mkwe wangu husukuma kiti nyuma, anasimama pale mezani mbele ya wageni, anasema kwa ile sauti nzito. Sasa hivi hadithi imehamia milimani, mbali sana, na njia haipitii mjini kabisa. Msichana wangu amenionyesha kwa ramani, kwamba tunapoteza siku nzima tukizunguka. Mimi huzungukia hapo kila Jumamosi. Mlinzi husimama, husalimu, hungoja.

Mtu wangu hajibu. Kuongea kwake ni hasi tatu.